Siku Tulipoanika Mada Uani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Kama unasomea kwenye simu, zima hizo kelele zake zingine, nami sitakuweka sana. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mama alijifungua mapacha na mikono yangu ikahitajika nyumbani. Kwa hivyo mtaona makosa. Mjukuu wangu ameyanyoosha mengine, nikamwambia aache yaliyobaki, asije akanifanya nisikike kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Lakini ninayosema yalitokea, na mahali nilipodanganya nitawaonyesha mwenyewe.

Nataka mjue jinsi kitabu cha mjukuu wangu kilivyochaguliwa. Sisemi kilivyoandikwa. Kuandika aliandika yeye, zaidi ya mwaka mzima, macho mekundu. Nasema kuchaguliwa: nini kiingie na nini kibaki nje. Kazi hiyo ilifanyika hapa kwangu, nyuma ya soko la Kondele, Kisumu, katika uwanja ninapoanika omena, dagaa wa ziwani, ikija na unyevu, na mimi nilikuwepo.

Mjukuu wangu ni binti wa mtoto wangu wa kwanza. Anatengeneza tovuti. Nilimsikia miaka mingi akitaja kitu kinachoitwa fremuweki, na siku moja nikamuuliza hiyo ni nini. Akatazama jiko langu la nje, lile la udongo, akaniambia, "Dani," ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao kwa Kijaluo, "ukijenga nyumba ya udongo, na mtu akuletee nguzo zimeshasimama na fito zimeshafungwa, wewe unabaki na kazi gani?"

"Kukandika."

"Basi. Fremuweki ni hizo nguzo na fito. Walizifunga watu wengine, sisi tunakandika."

Nikamwambia angesema hivyo tangu alipoingia chuo angenipunguzia miaka ya kuitikia nisichokielewa.

Sasa, kukandika wengi wanajua. Lakini nyumba ikishakaliwa na watu inaleta shida ambazo fundi wa kawaida hazijui, na kitabu chake kilikuwa cha hizo. Kilikuwa cha mafundi walioiva. Kila mada inaanza na shida moja, kisha vitu utakavyohitaji, kisha hatua kwa hatua mpaka imekwisha, ndiyo maana wenyewe wanakiita kitabu cha mapishi. Wachapishaji walitaka mada arobaini. Yeye na mwenzake walikuwa na zaidi ya tisini.

Huyo mwenzake ni mwanamume mrefu wa upande wa Muhoroni, baba yake aliendesha trekta ya miwa maisha yake yote. Ana akili, ana adabu, na anapenda sana maneno makubwa. Alikuwa akija kwangu kila siku na kompyuta yake begani, wanakaa sebuleni wawili, wanabishana.

Mhariri wao, mama mmoja wa nchi za mbali anayeongea nao kupitia kompyuta, alikuwa ameirudisha orodha mara mbili. Ya kwanza alisema ni ya watu wanaojifunza kutembea. Ya pili alisema ni nzuri, ila vitabu vitatu vilivyotangulia vina mada zile zile. Akawapa mpaka Ijumaa adhuhuri. Orodha ya tatu ikianguka, kitabu kinapewa waandishi wengine. Na mjukuu wangu alikuwa ameacha kazi ya mshahara kwa ajili ya kitabu hicho.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa jambo langu mimi.

Kabla ya mambo ya kitabu, alitutengenezea sisi wanawake wa omena tovuti ya kuagizia. Mimi nanunua Usenge, ufuoni mwa ziwa. Kwa tovuti yake unachagua mama wa ufuoni unayemtaka, unaandika gunia ngapi, unabonyeza Agiza, na mzigo unakufuata Kondele. Nilikuwa wa kwanza kuitumia. Nilitembea sokoni nikisema ni ya mjukuu wangu mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Siku moja niliagiza gunia mbili. Pikapu ikasimama mbele ya kibanda changu, dereva akashusha ya kwanza, akashusha ya pili, nikamwambia asante. Akaendelea kushusha. Zilikuwa sita.

Jirani yangu wa kibanda, mwanamke anayeuza nyanya na ambaye hajawahi kumeza neno, akasimama mikono kiunoni. "Mama! Kule Usenge wamebakisha maji?"

Soko zima likacheka. Na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, gunia tatu zikapata unyevu, zikaishia kwa wafugaji wa kuku. Kwa mtu wa omena hiyo ni aibu. Watu hawasemi mvua ilinyesha. Wanasema huyu hajui kununua.

Mjukuu wangu alikuja siku hiyo hiyo. Akauliza kwa upole, "Dani, ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Una hakika?"

Nikamtazama. Hakuuliza tena.

Basi hapo ndipo nilipodanganya. Nilibonyeza mara tatu. Sababu yake mtaisikia. Lakini wakati huo nilimwacha atafute. Alitafuta majuma matatu. Akaamini ni mtandao wa ufuoni unaorudia maagizo wenyewe, akapekua, hakuona. Mwishowe akaifunga tovuti, kwa sababu alisema hawezi kuwapa kina mama kitu ambacho haelewi kinafanya nini. Wanawake wa Kondele wakarudi kupiga simu. Nikamwona anakonda, nikampikia uji wa wimbi, nikanyamaza. Mimi, ninayewachapa watoto wa nyumba hii kwa uongo mdogo wa sukari.

Haya. Sasa turudi kwenye Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya mhariri.

Walikuwa wameandika kila mada kwenye kikaratasi chake na kuvibandika kwenye ukuta wa sebule. Mimi nilikuwa uani nimetandika nyavu zangu kuukuu, natandaza omena. Nikawasikia wanabishana, sauti zinapanda. Nikaingia.

"Mnachagua kwa njia gani?"

Mwenzake akasema, "Dani, tunaangalia zinazong'aa. Zile ambazo fundi mkubwa akiziona atasema, hawa wanajua kazi."

"Zinazong'aa."

"Ndiyo."

"Wewe umewahi kununua omena?"

"Nimewahi kula."

"Bandua hizo karatasi. Leteni nje."

Nikawatandikia wavu mwingine upande wenye jua. Tukapanga karatasi zote tisini na kitu, kila moja juu yake kokoto isipeperuke. Nikawaeleza kitu ambacho kila mnunuzi wa Usenge anakijua. Muuzaji anaweka omena inayong'aa mdomoni mwa gunia. Iliyonyeshewa, iliyolala siku tatu, iko katikati na chini. Asiyejua anachota juu, anafurahi, anabeba. Mimi naingiza mkono mpaka kwapa, natoa ya chini kabisa, nainusa hapo hapo mbele ya mwenyewe, na kama ananichukia kwa hilo, anichukie.

"Sasa naingiza mkono," nikawaambia. "Kila karatasi mtanijibu swali moja. Nani alilia? Mtu mmoja, wa kweli, mliyemwona kwa macho yenu, shida hii ilimliza. Kama yuko, inabaki kwenye wavu. Kama hayuko, inaenda kwenye debe la kuku."

Nikaleta debe. Wakadhani natania. Nikaokota karatasi ya kwanza nikampa mwenzake asome.

"Kuigawa tovuti moja iwe tovuti ndogo ishirini zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe."

"Nani alilia?"

"Hakuna, Dani. Lakini ni ya kisasa. Kila mtu anaiongelea."

"Kuku."

"Dani, hiyo nimeisomea nusu mwaka!"

"Kuku nao wanapenda vya kisasa."

Mjukuu wangu akacheka, mara ya kwanza juma lile, nami moyoni nikasema vizuri, twende.

Tukaenda hivyo asubuhi yote. Picha inayotumwa ikakatika njiani, ifanywe nini ili iendelee pale ilipokatikia. Nani alilia? Mama mmoja wa Usenge alituma picha ya mzigo wake mara saba, kila mara inakatika ikikaribia kufika na kuanza upya, mpaka akaitupa simu mchangani. Ikabaki. Tovuti kutafuta kitu chenye majina mawili. Nani alilia? Mnunuzi wa kutoka Mwanza aliandika dagaa, tovuti ikamjibu hakuna, na ufuo mzima umejaa omena. Ikabaki. Kupanga rangi zibadilike zenyewe jua likizama. Nani alilia? Wakatazamana.

"Kuku," wakasema wote wawili, kabla yangu.

Kulikuwa na karatasi moja ambayo mwenzake aliiruka. Niliona. Nikamwambia arudi.

"Hiyo niliiandika tu, Dani. Ni mambo ya miwa."

"Soma."

Akasoma polepole. Ukurasa unaomwonyesha mtu mabadiliko yenyewe, bila mtu kuufungua upya. Nikauliza nani alilia. Akakuna shingo. Kumbe aliwahi kuwatengenezea madereva wa matrekta kule kwao ukurasa wa kuonyesha foleni ya kupima miwa, kila dereva aone amebakiza wangapi mbele yake. Madereva hawakuwa na subira. Kila mmoja anaufungua upya, tena na tena, mamia kwa pamoja, mpaka ukurasa ukazimika kabisa, na hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Wakapigana. Baba yake alikuwa kwenye foleni hiyo. Alirudi nyumbani na shati limechanika.

"Na hiyo ndiyo uliyotaka kuiruka?"

"Niliona aibu. Watu wanaandika mifano ya benki na ndege, mimi niandike trekta?"

"Ulitengeneza?"

"Nilitengeneza. Sasa inakaa. Haijazimika tena."

"Andika trekta," nikasema. "Na baba yako umwandike ndani, bila jina kama hutaki, lakini awemo."

Kufikia saa nane mchana debe lilikuwa limejaa, na kwenye wavu zilibaki thelathini na tisa. Jua linachoma, omena yangu ya upande wa pili imeshakauka inalia chini ya vidole. Mwenzake akahesabu mara mbili. Imepungua moja. Akasema wachukue moja kutoka kwenye debe, yoyote, nani atajua.

Ndipo nikaona mjukuu wangu amekalia kitu. Pembe ya karatasi ilikuwa inachungulia chini ya leso yake.

"Toa hiyo."

"Hii haifai, Dani."

"Sikuuliza kama inafaa. Soma."

Akaisoma akiangalia chini. "Ombi moja likifika mara nyingi, lifanywe mara moja."

Ningependa kuipita hiyo. Lakini sheria ni sheria, na niliiweka mimi. Nikauliza, "Nani alilia?"

"Mimi."

"Basi mbona umeikalia?"

"Kwa sababu sijui jibu. Kuna mapishi ya kawaida, kila fundi anayajua, lakini ile siku ya gunia sita sikujua ombi lilirudiwaje. Siwezi kuwaambia watu hatua za kuzuia kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui kiliingilia wapi. Hiyo itakuwa omena ya juu ya gunia." Akaikunja. Mkono wake ukaenda kwenye debe.

Vijana, nimezika mume, nimesimamia matanga makubwa, nimegombana na wanaume wa ufuoni wenye mapanga ya kukata samaki. Sijawahi kuona kazi ngumu kama kufungua mdomo wakati ule, na mgeni wa Muhoroni ameketi pale anasikiliza.

"Usiitupe," nikasema. "Nilibonyeza mara tatu."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Nilikudanganya. Si mtandao. Ni mimi."

"Dani. Kwa nini mara tatu?"

"Wewe ukienda kwa mtu unabisha hodi mara ngapi?"

Mara tatu. Anajua. Nilimfundisha mimi. Ya kwanza unamwambia mwenye nyumba upo. Ya pili unampa nafasi ajifunge leso. Ya tatu unangoja jibu, na kama hakuna unaondoka na heshima yako. Kubisha mara moja na kusimama ni dharau, ni kama unamdai. Nilibonyeza Agiza, skrini ikakaa kimya. Sikuona karibu. Sikuona ngoja. Nikabonyeza ya pili, kimya. Nikabonyeza ya tatu kwa adabu zote, nikaiweka simu chini. Kule Usenge wakapata hodi tatu wakafungua mlango mara tatu.

"Na siku ile uliponiuliza," nikasema, "watu walikuwa wameshanicheka vya kutosha. Sikutaka na wewe."

Mjukuu wangu akanitazama. Macho yamejaa maji, na mdomo unataka kucheka. "Nilishuku," akasema. "Lakini kukuuliza mara ya pili kungekuwa kukuita mwongo."

"Ungeniita. Nilikuwa mwongo."

Mwenzake akafyatua kicheko, akajiziba mdomo, nikamwambia acheke tu, ameshaingia ndani ya nyumba.

Kisha wale wawili wakabadilika. Waliacha kunitazama wakaanza kutazama karatasi, wanaongea haraka haraka. Mjukuu wangu akaniuliza, "Mtu akibisha mara tatu, wewe unajuaje si watu watatu?"

"Sauti. Ni sauti ile ile."

"Basi kila fomu ya kuagiza ikifunguliwa tuipe alama yake, kama sauti. Hodi ya pili ikija na alama ile ile, tunajibu jibu lile lile la kwanza, hatufungui tena."

"Na mjibu mapema," nikasema. "Mngesema ngoja, nisingebisha ya pili."

Akaandika hilo. Nilimwona akiliandika.

Mwenzake akauliza swali ambalo lilinionyesha kuwa huyu mtu si maneno makubwa tu. "Na hodi mbili zikija kwa pamoja kabisa, moja mlango wa mbele, moja mlango wa nyuma, na ndani kuna watumishi wawili wasioonana?"

"Nyumba yangu ina milango miwili na ufunguo mmoja," nikamwambia. "Aliyeushika ndiye anafungua. Mwingine anangoja, akija kuushika anakuta kazi imeshafanywa."

Wakatazamana. Mwenzake akasema pole pole, "Hiyo vile vitabu vitatu havijaieleza." Na mimi sijui vile vitabu vinasema nini, lakini niliwaona wameinama juu ya wavu wangu na kalamu, vichwa vinakaribia kugongana, na nikajua orodha imetimia.

Iliondoka Ijumaa kabla ya saa nne. Mhariri akawapigia kabla ya adhuhuri. Nilikuwa jikoni naparua samaki, nikasikia mjukuu wangu ananiita kwa kelele. Nikaenda na kisu mkononi. Akaigeuza kompyuta, mama yule wa mbali akaniona na magamba mpaka kwenye viwiko.

"Anauliza mada ya kumi na moja tuliitoa wapi," mjukuu wangu akasema. "Nimemwambia, huyu hapa."

Yule mama akanisalimia kwa Kiingereza. Nikamwitikia kwa Kiswahili, nikamwambia akipita Kisumu chakula kipo. Alikubali mada zote arobaini. Hakubadilisha hata moja.

Kazi ya kwanza ambayo mjukuu wangu alifanya baada ya hapo ilikuwa kuifungua tena tovuti yetu, pamoja na hayo marekebisho. Akataka kuijaribu mwenyewe nikakataa. Nikaenda nayo sokoni. Nikasimama karibu na yule jirani wa nyanya, nikainua simu aione, nikaagiza gunia mbili, nikabonyeza mara tatu.

"Mama, unarudia tena?" akasema. "Tuwaite wenye kuku waje kabisa?"

Nikamwambia auze nyanya. Kesho yake pikapu ikaja, dereva akashusha moja, akashusha mbili, akafunga mlango wa nyuma. Nikageuka. Jirani akawa ghafla ana nyanya nyingi za kupangusa. Alasiri akaniomba nimwulizie mjukuu wangu kama nyanya nazo zinaweza kuingia humo.

Kitabu kilipofika kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Sisomi Kiingereza, lakini nilifungua ya kumi na moja nikaonyeshwa kwa kidole mahali palipoandikwa kuwa mwanamke mmoja muuza samaki alibonyeza mara tatu, na kwamba hakukosea. Hayo maneno, kwamba hakukosea, nilimwambia anisomee tena. Na mwenzake alipeleka nakala Muhoroni kwa baba yake. Alinipigia simu kunieleza kuwa mzee ameiweka juu ya mapaja tangu asubuhi na hataki kuiachia.

Hapa kwangu binti yangu, mama yake mwandishi, alipokea kitabu kama mtoto mchanga. Akakipangusa, akafungua kabati la vioo sebuleni, akakisimamisha kati ya vikombe vya wageni juu ya kitambaa cha kufuma, akafunga na ufunguo. Wajukuu wadogo wakaambiwa waangalie kwa macho. Jioni ile msichana mmoja wa mtaa wa pili, anayejifunza hizo kazi, akaja kuomba akione. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, anasoma mgongo wa kitabu. Alikuwa ametoka kumsaidia mama yake kuanika, alinuka ziwa lote.

Nikaomba ufunguo. Nikafungua, nikakitoa, nikakiweka mezani chini ya dirisha, nikawageukia wote waliokuwa ndani.

"Hiki kitabu hakirudi kabatini. Kikae hapa kwenye mwanga, kimefunguliwa. Mtu akija na shida yake, mpeni kiti akisome, na asiambiwe kwanza aende kunawa mikono."